Kopo Lililotobolewa

Siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, na mke wangu akinisikia leo nitalala njaa. Ilikuwa asubuhi ya mvua, kwetu Matongo. Jirani yetu, Mzee Matiko, alikuwa ameinama jikoni kwetu akiikagua injini niliyoiunda kwa mikono yangu mwenyewe. Nilitegemea asifu gurudumu lake. Wala hakulitazama. Alilishika kopo, akapapasa tundu lililokuwa juu yake, akaniuliza polepole, "Mura, hili kopo umelitoa wapi?"

Mura ndivyo sisi Wakurya tunavyomwita kijana. Na mimi kijana nikajibu haraka, "Nilinunua sokoni, mzee."

Ulikuwa uongo. Nilijua ni uongo, na ilikuwa siku ya sita naficha nilichokijua. Lakini ngoja nirudi nyuma kidogo. Nyinyi mnapenda kusikia mwisho kwanza, halafu mnaondoka nao bila mwanzo.

Naona unavyokusanya makopo. Umeona kwenye simu watu wanaunda injini za hewa moto, na tangu juzi unazunguka kwenye majalala umeinamisha kichwa kama kuku. Sikukatazi. Nikukataze kwa mdomo gani? Mimi ninazo nne juu ya kabati mpaka leo, na mke wangu anaziita wageni wasiokula. Ni mchezo mzuri. Kopo linafungwa, na ndani yake kuna kizibo chepesi kinachopanda na kushuka. Chini unaweka makaa, juu unaweka kitambaa cha maji. Hewa ikishuka kwenye moto inatanuka, ikipanda kwenye baridi inasinyaa, na kule kutanuka na kusinyaa ndiko kunakozungusha gurudumu. Hakuna petroli, hakuna mvuke. Unasikia tiki, tiki, tiki, na roho inatulia. Mimi ulinikamata nikiwa na miaka kumi na tisa na haujaniachia.

Aliyenionyesha ni mwalimu wetu wa fizikia, Mwalimu Komba, mtu wa Songea aliyepangiwa kazi huku kwetu. Alinichorea ubaoni baada ya vipindi, akafuta chaki mikononi, akasema, "Jaribu, Mwita." Basi. Neno hilo moja lilinitosha mwaka mzima.

Wakati huo nilikuwa naishi kwa kaka yangu Chacha. Wazazi wetu walikuwa wametangulia mbele ya haki, na yeye ndiye aliyenilea na kunipeleka shule. Mwaka ule alikwenda Mugumu, kule Serengeti, kwenye kazi ya barabara. Alipoondoka alinishika bega akaniambia, "Shemeji yako nakuachia wewe." Shemeji yangu Bhoke alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika. Hii ya tatu hakuna aliyethubutu hata kuitaja kwa sauti.

Sasa, injini zangu zilikuwa zinakufa kila mara kwa sababu ya makopo. Makopo ya maziwa ni membamba, moto unayala. Nilihitaji chuma kizito. Siku moja nilikuwa napita Nyakunguru, nyuma ya mashimo yaliyoachwa na wachimbaji wadogo, nikaliona limelala kwenye majani: kopo la chuma, jeusi kwa moshi, na katikati ya kitako chake kuna tundu moja la msumari. Mwanangu, nilipiga kelele peke yangu porini. Injini hiyo inahitaji tundu hapo hapo, katikati, ili ipite spoku ya baiskeli inayoinua kizibo. Nilishaharibu makopo matatu nikijaribu kutoboa tundu lililonyooka. Na hili limetobolewa tayari! Nikasema Mungu ameniona.

Sikujiuliza ni nani alilitoboa. Sikujiuliza kwa nini mtu mwenye akili zake atoboe kopo zima lisilo na kosa. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Methali hiyo niliiandika daftarini toka darasa la tatu, kwa mwandiko mzuri kabisa, na mwalimu akanipigia vema. Kuiandika na kuishika ni mambo mawili.

Nikalisugua kopo kwa mchanga. Nikaweka kizibo ndani, nikalipeleka kwa fundi wa kuchomelea akaufunga mdomo kwa bati. Nikaligeuza, mdomo uliofungwa ukawa chini kwenye moto, kitako chenye tundu kikawa juu. Pembeni nikaunganisha mrija wa dripu niliouomba zahanati, wa kupeleka hewa kwenye kipande cha tyubu kinachosukuma gurudumu. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, kwa hiyo niliiweka jikoni, juu ya makaa ya Bhoke, yeye akishamaliza kupika.

Ilizunguka siku ile ile ya kwanza. Bhoke alipiga vigelegele mpaka kuku wakatoka nje.

"Shemeji, hii itasaga mahindi?"

"Iko siku itasaga."

"Basi mimi nakaa hapa hapa nikiingoja."

Na kweli akawa anakaa. Kila siku, kwenye kigoda chake, anachambua mboga huku anaitazama. Jiko letu lilikuwa dogo, na mlango tulikuwa tunaurudishia kwa sababu ya mvua.

Siku ya nne nikaona kitu ndani ya ule mrija. Vitone vidogo, vinang'aa kama fedha, nikitikisa vinabingirika. Nilivijua. Hakuna mtoto wa huku kwetu asiyeijua zebaki. Wachimbaji wadogo walikuwa wanaitumia kushika vumbi la dhahabu, kisha wanachoma kile kidonge cha zebaki na dhahabu ndani ya kopo. Zebaki inapaa na moshi, dhahabu inabaki chini. Kopo langu lilikuwa la kazi hiyo. Zebaki ilikuwa imejificha kwenye kutu, moto wangu ukaitoa, hewa ikaipandisha juu kwenye baridi, ikatulia mrijani. Na kama imefika mrijani, basi ilikuwa inapenya pia pale kwenye tundu la spoku, ambalo sikuwahi kuliziba sawasawa, inaingia jikoni.

Nilijua hatari yake? Nilijua nusu. Utotoni tuliichezea viganjani. Lakini nilishawasikia wachimbaji wakisema moshi wake ndio mbaya, na kwa mwanamke mjamzito ni mbaya zaidi. Ningeweza kuuliza. Nyumba ya Mzee Matiko ilikuwa hatua hamsini kutoka kwetu, naye alichoma dhahabu maisha yake yote. Sikumuuliza kwa sababu nilijua atakachonijibu.

Wiki iliyokuwa inafuata, siku ya Ijumaa, Mwalimu Komba alikuwa anawaleta wakaguzi wa elimu waione injini. Alishaniambia wakiipenda huenda wakanisemea nafasi ya chuo cha ufundi. Nikajiambia, ni siku chache tu, zebaki yenyewe itakwisha. Nikavimwaga vile vitone nyuma ya nyumba, nikaurudisha mrija, nikaiwasha tena. Na tazama mtu anavyojidanganya: nikamwambia Bhoke, "Shemeji, leo moshi ni mwingi, si ukae kule mlangoni?"

Akanicheka. "Toka lini wewe ukanionea huruma ya moshi? Si ungeniletea kuni kavu basi!" Akabaki pale pale.

Tangu hapo chakula kilikuwa hakipiti. Nikimsikia anakohoa, nahesabu amekohoa mara ngapi. Akishika kiuno, moyo unaniruka. Akichelewa kutoka chooni, nasimama uani kama mlinzi, sijui hata namlinda na nini. Siku ya nane akarudi kutoka kisimani akicheka, akaniambia mdomo wake una ladha ya msumari. Wenzake walimwambia ndiyo mimba hiyo. Mmoja wao alitamani udongo, mwingine majivu. Mimi nilikuwa nimesimama na jembe mkononi. Ladha ya msumari ilikuwa mdomoni mwangu pia, na mimi sina mimba.

Hapo ndipo ningesema. Nilifungua mdomo kabisa. Kilichotoka ni, "Itapita, shemeji."

Siku ya kumi Bhoke alikwenda kwa Mzee Matiko kuomba chumvi. Katika maongezi akamtajia ile ladha, kwa utani tu. Mzee hakucheka. Alichukua fimbo yake, akaja na mvua yote ile mpaka jikoni kwetu. Ndipo akaniuliza kopo nimelitoa wapi, na mimi nikasema sokoni.

"Sokoni," akasema. "Kwa hiyo siku hizi sokoni wanauza makopo niliyoyatoboa mimi kule Nyakunguru?"

Nilitazama mikono yake. Mikono ile ilikuwa inatetemeka siku zote. Hata kikombe cha uji alishikiwa na mkewe, na sisi watoto wabaya tulikuwa tukimwigiza njiani. Sikuwahi kujiuliza ilianza lini kutetemeka.

"Kopo likishachomewa dhahabu," akasema, "tunalitoboa kitako kabla ya kulitupa, ili asije mama wa watu akaliokota akapikia wanawe. Kila mchimbaji wa huku analijua hilo. Nilitoboa kwa ajili ya mpumbavu anayetafuta sufuria. Sikujua yupo mpumbavu anayetafuta tundu."

Ningecheka, mwanangu, kama ingekuwa habari ya mtu mwingine.

"Zebaki uliiona lini?"

"Siku sita zilizopita, mzee."

Niliinama nikingoja fimbo. Haikuja. Alikaa kwenye kigoda cha Bhoke, mvua inapiga juu ya paa la nyasi. Kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka uzee huu. "Kuokota kopo sikuchapi. Hukujua. Hata mimi niliichoma miaka mingi bila kujua, na malipo yake ni mikono hii. Lakini siku sita ulijua, ukamwacha mwanamke anaivuta. Hizo sita ni zako, mura. Hakuna wa kukusaidia kuzibeba. Mficha uchi hazai, na hapa anayetaka kuzaa hata si wewe."

Nikaanza kulia. Nikamwomba, "Mzee, mwambie wewe. Wewe utajua maneno."

"Mimi?" Akasimama, akaipiga fimbo chini. "Mdomo uliosema sokoni ndio utakaosema Nyakunguru. Nenda. Yuko hapo nje."

Bhoke alikuwa amesimama chini ya paa la nyumba kubwa, chumvi iko mkononi bado. Nilimweleza yote, toka porini mpaka mrijani. Sikumtazama usoni, nilitazama ile chumvi inavyolowa.

"Siku ngapi tangu uone?" akauliza.

"Sita."

"Na mimi nilikuwa nakaa pale kila siku."

"Ndiyo, shemeji."

"Na ulikuwa unaniona."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliingia ndani, akafunga nguo zake kwenye kanga, akatoka kwenda kwao Kemambo kwa miguu, kwenye mvua ile. Nikamfuata nimpokee mzigo. Hakugeuka. Alisema tu, "Leo usinifuate, Mwita." Siku zote aliniita shemeji, siku hiyo aliniita jina langu.

Mimi na Mzee Matiko tulichimba shimo refu mbali na kisima, tukaifukia injini na mrija wake, na majivu ya lile jiko. Bhoke alipokwenda zahanati, nesi alisema hana kipimo cha kitu hicho. Alimwambia Bhoke apumue hewa safi, aje kila wiki, na tusubiri. Tusubiri! Neno dogo hilo, mwanangu, lakini nililala nalo na kuamka nalo miezi minne.

Wakaguzi walikuja Ijumaa yao, wakakuta sina injini. Niliwaeleza ukweli mbele ya Mwalimu Komba, nikiwa nimesimama. Nafasi ya chuo sikuipata, wala sikuililia.

Lililobaki lilikuwa kaka yangu. Nilipanda lori mpaka Mugumu, nikamkuta kazini, sepetu begani. Nikamwambia. Chacha ni mtu wa maneno mengi na hasira za karibu, nami nilikuwa nimejiandaa kwa ngumi. Alirudi kazini akachota udongo mpaka jioni, tukala ugali kimya, akanipa nusu ya blanketi lake. Asubuhi alinisindikiza barabarani, akasema, "Siku mtoto akizaliwa, habari uniletee wewe. Iwe nzuri, iwe mbaya, asije mwingine."

Sasa fikiria hiyo miezi minne. Kila mtu aliyetoka njia ya Kemambo, nilimsoma usoni kabla hajafungua mdomo. Baiskeli ikipiga kengele, naacha jembe. Mara moja alikuja mama mmoja anakimbia huku ananiita, nikakaa chini katikati ya mahindi. Kumbe ng'ombe wangu wameingia shambani kwake. Nilimshukuru sana yule mama, akaniona nimerukwa na akili.

Bhoke alijifungua mtoto wa kike. Hai. Mdogo sana, lakini analia kwa nguvu. Habari ile niliipeleka Mugumu mwenyewe, na Chacha alipoisikia aliniwekea mkono kichwani, akauacha pale.

Ungependa niishie hapo. Hata mimi ningependa. Lakini yule mtoto alichelewa kusema. Miaka miwili ikapita bila neno, mitatu ikakaribia, na mimi kila nikimwona nahisi ile ladha mdomoni. Wauguzi walisema watoto wengine huchelewa tu. Akaja akasema, akasoma, akaolewa huko Serengeti, leo ana watoto wake wanaonisumbua kama wewe. Ni mzima. Lakini mpaka leo nikimwita, akichelewa kujibu kidogo tu, moyo wangu unaruka. Je, ilikuwa zebaki, au ndivyo Mungu alivyomuumba? Sijui, mwanangu. Hakuna atakayeniambia kamwe. Adhabu ya kunyamaza ndiyo hiyo: unabaki na swali lisilokuwa na mtu wa kulijibu.

Na Bhoke? Alirudi nyumbani, akaniita tena shemeji, na nilipooa alinipikia yeye. Miaka mingi baadaye, tumeshakuwa wazee, nilimuuliza kama alinisamehe. Alikuwa anapakua ugali. Akasema, "Kopo nilikusamehe siku ile ile. Zile siku sita bado, shemeji." Akaniwekea nyama kubwa kuliko ya mumewe, akaketi, akaanza kula. Sijamuuliza tena.

Basi, mwanangu, unda injini zako. Haribu makopo, ungua vidole, shindwa, cheka, anza tena. Ila kila unachookota, kwanza uliza kilikuwa cha nani na kilifanya kazi gani, hasa ukikikuta kimekaa kama vile kilikuwa kinakungoja wewe. Waulize wazee waliokitumia; hatuumi. Na ukishakosea, maana utakosea, usiende kuhesabu siku. Sema siku hiyo hiyo. Sema kwa mdomo wako, umwambie yule ambaye kosa lako liko mwilini mwake, kabla hujamwambia rafiki wala padri. Atakasirika. Mwache akasirike. Hasira yake ina mwisho, mimi nimeiona.

Haya, njoo karibu. Mungu aibariki mikono yako, isitengeneze kitu cha kumliza mtu. Aibariki nyumba unayowashia moto na wote wanaopumua ndani yake. Na siku utakapokosea, mwanangu, akupe mdomo mwepesi, ukaseme kabla jua halijatua.